Nani Analipia Swali?

Bajeti ya afya ya wilaya mbili za Tanzania, Rufiji na Morogoro Vijijini, ilipochambuliwa katikati ya miaka ya 1990, hesabu zilifichua jambo ambalo waganga wakuu wa wilaya hawakuwahi kuliona likiwa limekusanywa kwenye karatasi moja. Malaria ilikuwa chanzo cha takriban asilimia 30 ya miaka ya maisha iliyokuwa ikipotea katika maeneo yale, lakini mwaka 1996 ilitengewa asilimia 5 tu ya fedha. Maradhi ya watoto yakijumlishwa, yaani nimonia, kuhara, utapiamlo, surua na malaria ya utotoni, yalibeba asilimia 28 ya mzigo na kupata asilimia 13 ya bajeti. Kifua kikuu, kilichosababisha chini ya asilimia 4 ya hasara hiyo, kilichukua asilimia 22.

Hakuna aliyekuwa ameiba. Bajeti ya mwaka uliopita ilinakiliwa, ikaongezwa kidogo hapa na kupunguzwa kidogo pale, na fedha za wafadhili zilishuka wilayani zikiwa zimeshapewa jina la ugonjwa tangu makao makuu. Mganga mkuu wa wilaya alijua wagonjwa wanaofika zahanati. Wale waliofia nyumbani, ambao vijijini walikuwa wengi, hawakuwemo katika daftari lolote alilolifungua.

Uchambuzi ule ulifanywa chini ya mradi uliojulikana kwa kifupi chake, TEHIP, ulioendeshwa na Wizara ya Afya ya Tanzania pamoja na kituo cha utafiti wa maendeleo cha serikali ya Kanada, IDRC. Ulizaliwa kutokana na ubishi. Mwaka 1993 Benki ya Dunia ilitoa ripoti iliyodai kwamba nchi maskini ingeweza kupunguza sana vifo kwa takriban dola 12 kwa kila mtu kwa mwaka, mradi fedha hizo ziende kwenye tiba na kinga zenye tija. Tanzania wakati huo haikuwa na hata hizo 12. Wizara na Wakanada wakakubaliana kulipima dai lile mahali halisi, katika wilaya mbili zenye jumla ya watu takriban 700,000, kwa kuziongezea kila moja hadi dola 2 kwa mtu na kuzipa njia ya kujua watu wao wanakufa kwa nini.

Njia yenyewe ilikuwa ya miguu na baiskeli. Wadodosaji walipita kaya hadi kaya mara kadhaa kwa mwaka wakiandika nani amezaliwa, nani amehamia, nani amefariki. Kifo kikitokea, mtu aliyefunzwa kazi hiyo alirudi baada ya matanga, akaketi na mama au shangazi aliyemuuguza marehemu, akauliza kwa utaratibu: homa ilianza lini, alikuwa anapumua vipi, alitapika, alipata degedege, mlimpeleka wapi kwanza. Majibu yalisomwa na madaktari, nao wakakisia chanzo cha kifo. Takwimu hizo ziligeuzwa kuwa michoro ya nguzo, mirefu kwa mifupi, ambayo timu ya afya ya wilaya ingeweza kuisoma kwa dakika chache kabla ya kikao cha bajeti.

Kilichofuata kimesimuliwa katika kitabu kilichotolewa mwaka 2004 na Don de Savigny, Harun Kasale, Conrad Mbuya na Graham Reid, watu waliokuwa ndani ya mradi. Wilaya zilihamisha fedha. Malaria na maradhi ya watoto yakapata mafungu makubwa zaidi. Wauguzi na matabibu wakafunzwa kumchunguza mtoto mgonjwa mwili mzima badala ya kutibu homa pekee. Vyandarua vyenye dawa vikapigiwa debe. Redio za mawasiliano zikafungwa ili kituo cha mbali kiweze kuita msaada. Huko Rufiji, vifo vya watoto wachanga vilishuka kutoka takriban 100 kwa kila watoto 1,000 mwaka 1999 hadi 72 mwaka uliofuata. Tathmini nyingine iliyozilinganisha wilaya hizi mbili na jirani zao, Kilombero na Ulanga, ikachapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2004, ilikuta vifo vya watoto viko chini kwa asilimia 13 pale ambapo wahudumu walifunzwa utaratibu ule mpya, na gharama haikuwa kubwa kuliko ya huduma ya kawaida.

Wilaya hazikuweza hata kuzitumia zile dola 2. Zilitumia takriban senti 80 kwa mtu, kwa sababu mfumo wenyewe haukuwa na nafasi ya kumeza zaidi.

Huu ndio utafiti wa huduma za afya. Maabara ina sehemu ndogo sana ndani yake. Unauliza kwa nini dawa iliyopo Bohari ya Dawa haifiki zahanati, mama mjamzito anatumia shilingi ngapi kufika hospitali, muuguzi mmoja anahudumia watu wangapi kwa siku, na je, kumlipa zaidi kunabadilisha chochote. Si utafiti unaotoa chanjo mpya wala kumpa mtu jina kubwa. Lakini bila huo serikali hununua dawa, hujenga majengo na kuajiri watu kwa kukisia, na kukisia huko hulipiwa na wagonjwa.

Tatizo liko kwenye risiti. Rufiji ilikuwa mafanikio ya Tanzania, na wataalamu wa Tanzania ndio waliobeba kazi, lakini fedha za kuuliza swali zilitoka Kanada. Takwimu za vifo za Morogoro zilitoka katika mradi mwingine, uliolipiwa na Uingereza. Taasisi ya Ifakara, iliyokusanya takwimu za Kilombero na Ulanga, ilianza mwaka 1957 kama maabara ndogo ya Mswisi Rudolf Geigy, ikakua kwa fedha za Uswisi kabla ya kuwa taasisi ya Kitanzania yenye wadhamini wake. Hata utafiti wa Mwanza wa mapema miaka ya 1990, ulioonyesha kwamba kutibu vizuri magonjwa ya zinaa katika vituo vya kawaida vya afya kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40, ulitegemea fedha za Ulaya. Ukiondoa mishahara ya watumishi wa umma, ni vigumu kuupata utafiti mkubwa wa huduma za afya Afrika Mashariki ambao swali lake lililipiwa na Hazina ya nchi yenyewe.

Hali hii ina historia. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, vituo vyake vya utafiti wa tiba viligawanywa pale vilipokuwa. Miaka miwili baadaye, mwaka 1979, kila nchi ikaunda taasisi yake: Tanzania NIMR, Kenya KEMRI. Zilirithi majengo, maabara na mazoea. Amani na Muheza palikuwa pa malaria. Mwanza palikuwa pa kichocho, matende na mabusha. Wakoloni walikuwa wametafiti vimelea na mbu, kazi yenye thamani kubwa ambayo bado inaokoa watu, lakini hawakuwahi kuuliza sana kama zahanati ya kijijini inafanya kazi. Swali hilo halikurithiwa na idara yoyote, kwa hiyo halikupata mwenyewe serikalini. Lilipopata mtu wa kuliuliza, aliyeliuliza alikuja na mfadhili wake.

Ahadi hazijakosekana. Mwaka 1990 tume ya kimataifa ya utafiti wa afya kwa maendeleo ilizitaka nchi maskini zitenge angalau asilimia 2 ya matumizi yao ya afya kwa ajili ya utafiti, na wafadhili asilimia 5 ya misaada yao ya afya. Mwaka 2006 wakuu wa Umoja wa Afrika, wakikutana Khartoum, waliafiki lengo la asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti wa kila aina. Mwaka 2008 mawaziri walikutana Algiers mwezi Juni, kisha Bamako mwezi Novemba, na ile asilimia 2 ikarudiwa tena. Kenya ilikwenda mbali zaidi: sheria yake ya sayansi, teknolojia na ubunifu ya mwaka 2013 inaupa Mfuko wa Taifa wa Utafiti asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Fedha zinazofika kwenye mfuko huo hazijawahi kukaribia kiwango hicho. Tanzania ilianzisha tume yake ya sayansi na teknolojia, COSTECH, mwaka 1986 na mfuko wa kuendeleza sayansi na teknolojia muongo uliofuata. Nao umeishi kwa kupanda na kushuka kulingana na hali ya bajeti.

Kuna pengo jingine ambalo halizungumzwi vya kutosha. Serikali zetu zina muhuri. Hakuna mtafiti anayeweza kuingia wilayani Tanzania bila kibali cha maadili kinachotolewa kupitia NIMR na, kwa wageni, kibali cha COSTECH. Kenya kuna tume ya sayansi, NACOSTI, na kamati za maadili. Nchi zimeandika pia orodha za vipaumbele vya utafiti wa afya, zilizojadiliwa kwa siku kadhaa na wataalamu wa kweli. Muhuri unaweza kumzuia mtu asifanye utafiti mbaya. Hauwezi kumlazimisha afanye ule unaohitajika. Orodha ya vipaumbele isiyo na fungu la fedha humfikia mfadhili kama menyu: huchagua kilichokwisha kupitishwa na bodi yake, na kile kilichobaki hubaki.

Mifano miwili ya Tanzania inaonyesha jambo hili bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya. Mwaka 2009 na 2010, katika wilaya za Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini, vituo 129 vilianza kutuma ujumbe mfupi wa simu kila wiki vikieleza vimebakiwa na dozi ngapi za dawa ya malaria. Wiki ya kwanza asilimia 78 ya vituo vilikuwa vimeishiwa angalau aina moja ya dawa hizo. Kufikia wiki ya 21 vilikuwa asilimia 26. Ni matokeo mazuri mno kwa gharama ya meseji. Miongoni mwa waliofadhili na kuendesha mradi ilikuwamo kampuni ya Novartis, watengenezaji wa dawa mseto iliyokuwa ikihesabiwa. Hivyo dawa ya malaria ilipata kuhesabiwa kila wiki. Sindano ya kuzuia mama asitokwe na damu baada ya kujifungua, ambayo nayo huisha kwenye makabati yaleyale, haikuwemo katika meseji hizo.

Mfano wa pili ni wa Pwani. Norway, baada ya serikali yake kujifunga kusaidia kupunguza vifo vya mama na mtoto, ilifadhili jaribio la kuwalipa wahudumu bonasi kulingana na matokeo, lililoanza mkoani humo mwaka 2011. Watafiti wa Ifakara na wenzao wa London na Bergen walilichunguza kwa uangalifu mkubwa. Kati ya huduma nane zilizolengwa, mbili ndizo zilizoonyesha ongezeko linaloweza kutegemewa: akina mama waliojifungulia vituoni waliongezeka kwa takriban pointi 8 za asilimia, na wajawazito waliopewa dawa ya kinga ya malaria wakaongezeka kwa takriban pointi 10. Jibu hilo lina manufaa. Lakini ikumbukwe kwamba bonasi ilikuwa swali lililokuwa likishughulisha wafadhili duniani kote wakati ule. Kama mganga mkuu wa wilaya mojawapo ya Pwani angeulizwa alitaka kupimiwa nini kwa fedha zile, huenda angetaja gari la wagonjwa, au nyumba za watumishi, au kitu kingine kabisa. Hakuwa na fungu la kumfanya mtu amuulize.

Mwenye kutilia shaka atasema: kama wengine wanalipa, na majibu ni ya kweli, hasara iko wapi? Hoja hii inastahili kujibiwa kwa uzito, kwa sababu utafiti uliolipiwa na wageni umeokoa maisha mengi hapa. Vyandarua ni ushahidi. Huko Kilombero na Ulanga, mradi wa kuuza kwa bei nafuu vyandarua vilivyopewa jina la Zuia Mbu ulionyesha mwaka 2001 kwamba vilihusiana na ongezeko la asilimia 27 la watoto kunusurika. Tanzania ikaanzisha Hati Punguzo mwaka 2004. Dunia nzima ilikuwa ikigombana: chandarua kiuzwe ili kithaminiwe, au kigawiwe bure? Kenya mwaka 2006 iligawa bure vyandarua milioni 3.4, baadhi yake katika kampeni ya chanjo ya surua. Watafiti wa KEMRI na Wellcome wa Kilifi na Nairobi walifuatilia watoto katika wilaya kadhaa: matumizi ya vyandarua vyenye dawa yalipanda kutoka asilimia 7 hadi 67 katika muda wa takriban miaka miwili, na kutumia chandarua kulihusiana na kupungua kwa vifo kwa asilimia 44. Utafiti mwingine, wa Jessica Cohen na Pascaline Dupas katika kliniki za wajawazito za Kenya magharibi, uligundua kwamba kutoza hata senti 60 za dola kulipunguza wachukuaji kwa pointi 60 za asilimia, na waliopewa bure hawakukitumia chandarua kwa uzembe zaidi kuliko walionunua.

Ubishi ulikwisha pale. Fedha zilikuwa za wageni, uamuzi ulikuwa wa serikali ya Kenya, na kila upande ulifanya sehemu yake vizuri. Lakini chandarua kilikuwa na bahati: kilikuwa swali la dunia nzima. Maswali ya kienyeji hayana bahati hiyo, na ndiyo yanayoamua kama mlango wa zahanati uko wazi saa nane mchana.

Chukua suala la ada. Mwaka 2004 Kenya iliamua kwamba huduma katika zahanati igharimu shilingi 10 na katika kituo cha afya shilingi 20, pamoja na misamaha kwa watoto wadogo na baadhi ya magonjwa. Sera ilitangazwa, ikasifiwa. Miaka michache baadaye watafiti walikwenda Kwale na Makueni kuangalia. Vituo vingi vilikuwa vikitoza zaidi ya kiwango. Ukiitazama hali hiyo kutoka Nairobi utadhani ni utovu wa nidhamu. Ukiwa Kwale unaona hesabu nyingine: mlinzi wa usiku hayumo katika orodha ya mishahara ya serikali, wala mfagizi, wala nauli ya muuguzi anayekwenda mjini kuchukua chanjo, wala mafuta ya taa, wala sabuni. Vyote hivyo vililipiwa kwa shilingi za wagonjwa. Wizara ilipopunguza ada bila kufidia, iliiambia zahanati imwachishe kazi mlinzi.

Katika Mkoa wa Pwani wa Kenya, kwa msaada wa Denmark, jibu lilikuwa likijaribiwa tayari tangu mwaka 2005: fedha zipelekwe moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya zahanati au kituo, na kamati ya wanakijiji na muuguzi msimamizi waamue matumizi. Tathmini iliyofanywa Kwale na Tana River ilikuta majengo yamekarabatiwa, wafanyakazi wa vibarua wanalipwa, huduma za mkoba zinafika vijijini na ari ya watumishi imepanda. Ilikuta pia kwamba wanavijiji wengi hawakujua fedha hizo zipo, na kwamba utozaji wa ziada haukukoma. Ni aina ya majibu ambayo waziri anaweza kuyafanyia kazi, kwa kuwa yanamwambia kilichofaulu na kilichobaki. Mwaka 2010 mpango ukapanuliwa nchi nzima.

Kisha mwaka 2013 likaja jambo kubwa: ugatuzi. Afya ikahamia kaunti, na ada katika zahanati na vituo vya afya zikafutwa mwaka huohuo. Katika mabadiliko hayo fedha za hospitali na vituo katika kaunti nyingi zikawa zinapita kwanza kwenye hazina ya kaunti. Watafiti walioziangalia hospitali za kaunti eneo la pwani walieleza jinsi wasimamizi walivyopoteza mamlaka juu ya fedha walizozikusanya wenyewe, vifaa vikaisha na watu wakavunjika moyo. Kile kilichobainika Kwale na Tana River kilikuwa kimeandikwa, kimechapishwa, na kimesahaulika ndani ya miaka mitatu. Ililipasa Bunge la Kenya lipitishe sheria mwaka 2023, ile ya fedha za kuboresha vituo, ili hospitali na zahanati zirudishiwe haki ya kubaki na kutumia mapato yao. Tanzania nayo ilifika hapo kwa njia yake, ilipoanza mwaka wa fedha 2017/18 kupeleka fedha za mfuko wa pamoja wa wafadhili wa afya moja kwa moja kwenye akaunti za vituo.

Miaka kumi ya Kenya hapo katikati ndiyo gharama ya kutokuwa na utafiti ulio mali ya serikali. Mradi unapokwisha, watafiti huhamia mradi mwingine. Ripoti hubaki katika majarida ya Kiingereza ambayo mjumbe wa bunge la kaunti hana sababu ya kuyajua. Serikali ingekuwa imeliuliza swali lile kwa fedha zake, ingekuwa na ofisi, yenye watumishi na faili, ambayo kazi yake ingekuwa kusimama mwaka 2012 na kusema: tulishalipima hili, msilivunje.

Thailand inayo ofisi ya namna hiyo. Mwaka 1992 ilitunga sheria iliyounda taasisi ya utafiti wa mifumo ya afya yenye fungu lake katika bajeti ya taifa. Ilipoamua kuwapa wananchi wake wote huduma mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa baht 30 kila anapomwona daktari, tayari palikuwa na watu waliokwisha kukokotoa ni kiasi gani serikali ilipe kwa kila kichwa. Mwaka 2007 ikaongeza kitengo cha kupima kama dawa au kifaa kipya kinastahili bei yake. Thailand haikuwa tajiri ilipoanza. Iliwekeza kwanza kwa watu wake wa kukokotoa, na watu hao wakabaki serikalini.

Fedha za serikali nazo zina hatari yake, na Marekani imeionja. Mwaka 1989 ilianzisha wakala wa kuchunguza ubora wa huduma. Mwishoni mwa 1994 wakala huo ulitoa mwongozo uliosema kwamba maumivu mengi ya mgongo hayahitaji upasuaji. Baadhi ya madaktari wa upasuaji wa mgongo walikasirika, wakapata masikio bungeni, na mwaka 1995 wakala ulinusurika kufutwa. Ukapunguziwa takriban moja ya tano ya fedha zake, na mwaka 1999 ukabadilishwa jina. Hata baada ya kupona, bajeti yake ilibaki dola milioni mia chache kwa mwaka, wakati taasisi za taifa za afya, zinazofadhili utafiti wa tiba, zilifikia kupata zaidi ya bilioni 40. Mwaka 2025 wafanyakazi wake wengi waliachishwa kazi. Utafiti wa huduma humgusa mtu mfukoni, awe daktari, mwenye duka la dawa au mwanasiasa aliyefungua hospitali mpya, kwa hiyo unahitaji kinga ya kisheria pamoja na fedha.

Mwaka huohuo wa 2025 Afrika Mashariki ilipata kipimo chake. Januari 20 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje. Kufikia Julai, shirika lake la misaada, USAID, lilikuwa limefungwa. Mwezi Mei taasisi za taifa za afya za Marekani zilitangaza kusitisha utaratibu wa kupitisha ruzuku mpya kwa washirika wa nje kupitia vyuo vya Marekani, njia iliyokuwa ikilisha maabara na timu nyingi za utafiti kuanzia Kisumu hadi Mwanza. Na mwezi Februari ulikatishwa mpango wa tafiti za idadi ya watu na afya uliokuwa ukilipiwa na Wamarekani tangu 1984.

Hili la mwisho ndilo zito zaidi, ingawa halikuandikwa sana. Tafiti hizo, zinazoendeshwa kila baada ya miaka kadhaa na ofisi za takwimu za nchi, ndizo chanzo cha karibu kila namba anayoitaja waziri wa afya akiwa jukwaani. Tanzania imejivunia, na ina haki, kwamba vifo vinavyotokana na uzazi vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16 hadi 104 katika ule wa 2022. Rais Samia Suluhu Hassan alikabidhiwa tuzo ya Goalkeepers ya Taasisi ya Gates kwa ajili hiyo, Februari 2025, mwezi uleule ambao chombo kilichopima mafanikio hayo kilikatiwa fedha. Mashirika mengine yalijitokeza baadaye kuokoa sehemu ya kazi. Lakini nchi inayotaka kujua kama mama zake wanapona haipaswi kungoja mwokoaji ili ihesabu.

Asilimia 2 ya bajeti ya wizara si fedha za kutisha zikigawanywa vizuri. Sehemu kubwa ingepaswa kwenda kwenye vitu vya kudumu ambavyo wafadhili huchoka navyo: mishahara ya wadodosaji katika maeneo kama Rufiji, Kilifi na Kisumu ambako kaya zimefuatiliwa kwa miongo, watakwimu wa wizara, tafiti za taifa za kaya. Sehemu nyingine iwe ndani ya mipango ya afya ya halmashauri na kaunti, iliyoandikwa jina lake, ili mganga mkuu wa wilaya aweze kukiagiza chuo kilicho karibu naye kimpimie jambo moja kwa mwaka na kumletea jibu kwa Kiswahili kabla ya kikao cha bajeti. Wafadhili hawafukuzwi kwa utaratibu huu. Wanakuta meza imeshaandaliwa, na maswali yameshaandikwa.

Na maswali yapo ya haraka. Kenya ilihamia Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, Oktoba 1, 2024, kwa mchango wa asilimia 2.75 ya mshahara. Kwa asiye na ajira rasmi, kiwango hukadiriwa kwa kuuliza kaya ina paa la aina gani, inatumia maji ya wapi, ina mali gani. Je, muuza samaki wa Lamu na mkulima wa Makueni wanakadiriwa sawa na uwezo wao halisi? Ni swali la kupimika, kwa kaya mia kadhaa na wadodosaji wachache. Bunge la Tanzania lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote Novemba 2023. Wasio na uwezo watatambuliwa na nani, na wangapi watarukwa? Kituo cha kijijini kitalipwa baada ya siku ngapi tangu kipeleke madai, na wakati huo kitanunua dawa kwa fedha ipi? Majibu yanahitaji vipimo vya mwanzo kutoka wilaya zilizoanza na wilaya ambazo bado, kama Kilombero na Ulanga zilivyotumika kuzipima Rufiji na Morogoro. Mpango ukishaenea kila mkoa, hakutakuwa na wilaya iliyobaki ya kulinganisha nayo.